Tupeane uzoefu: kitu ulichokikuta kwenye duka la wahamiaji, hukukijua, ukakipika

Habari zenu wadau. Najua wengi wetu, walio nje na hata mlio nyumbani, mna duka lenu moja la Mhindi, Msomali, Mturuki au Mchina ambalo mnaingia kutafuta kitu kimoja mnatoka na kingine. Naanza na la kwangu.

Niko Leicester, Uingereza, mwaka wa nne sasa. Kwetu Tanga. Mwanzoni nilikuwa nanunua supamaketi tu, kuku na nyanya basi, chakula hakina ladha na nyumba haina harufu ya jiko. Siku moja nikapita Belgrave Road kutafuta nazi. Duka dogo, magunia ya mchele mpaka mlangoni, na rafu nzima ya nafaka za njano ambazo sikuzijua hata moja. Nashika pakiti narudisha, nashika nyingine narudisha. Nikamwambia binti yangu, "Sijui ndiyo dengu hizi." Mzee wa Kihindi aliyekuwa kaunta akadakia, "Hapana mama, dengu iko chini. Hiyo mbaazi."

Kiswahili! Nilibaki nimeshika pakiti mkononi. Kumbe mzee kazaliwa Jinja. Familia yake ni katika Waasia ambao Idi Amin aliwapa siku 90 kuondoka Uganda, Agosti 1972. Kiswahili alikiokota utotoni dukani kwa baba yake.

Mbaazi zenyewe zimekobolewa na kupasuliwa, kwa hiyo wewe uliyekulia mbaazi nzima za nazi huwezi kuzitambua. Pakiti imeandikwa toor dal. Nikamuuliza, wenyewe mnazipikaje? Akachukua kikopo kidogo rafuni nyuma yake, akafungua kifuniko, akaninusisha.

Wadau, mvuje! Ule ule ambao bibi yangu alikuwa akiufunga kwenye kitambaa cheusi na kuwavisha watoto wachanga, wasipatwe na kijicho. Maisha yangu yote naujua kama kinga na dawa, kitu cha kufichwa kabatini kwa ukali wa harufu yake. Kumbe kuna watu wanautia chunguni kila siku. Wao wanauita hing. Ni utomvu wa mizizi ya mmea unaoota Iran na Afghanistan, unakaushwa na kusagwa. Mzee akaniambia Wahindu wengine na Wajaini hawali kitunguu wala saumu, na mvuje ndio unaowapa ladha ile.

Nilivyopika: kikombe kimoja cha mbaazi zile niliziloweka nusu saa, nikachemsha na manjano na chumvi mpaka zikavurugika, kama dakika 40. Kikaango pembeni, samli vijiko viwili ipate moto, mbegu za haradali zikianza kuruka tia bizari nyembamba, halafu mvuje. Robo kijiko cha chai, usizidishe. Hapo ndipo nilipoona ajabu: ile harufu kali ikigusa samli ya moto inageuka, inakuwa kama vitunguu vilivyokaangwa hadi kuwa vyekundu. Unamimina vyote juu ya mbaazi, unakamulia limau. Binti yangu asiyependa kunde za aina yoyote alikula sahani mbili na wali.

Leteni na yenu. Kitu gani, duka la nani, nani alikuelekeza, na kama uliharibu useme uliharibu vipi ili mwenzako asirudie.

Mdau, Columbus, Ohio

Asante dada kwa uzi huu. Mimi niliharibu ugali.

Nilikuwa na wiki tatu tu Marekani, nina hamu ya sembe. Nikaingia duka la Wamexico, nikaona unga mweupe wa mahindi, umeandikwa masa harina. Nikachemsha maji, nikasonga. Ukanata mwikoni kama gundi na una harufu ya chokaa. Nikamwaga sufuria nzima, na siku ile nililia kweli, si kwa unga, ni kwa upweke.

Kesho yake nikarudi kumuuliza mama muuzaji, mtu wa El Salvador. Kiingereza chetu sote kilikuwa cha kuunga. Akanieleza kwamba mahindi yale huchemshwa kwanza na maji ya chokaa, ndiyo yanasagwa, kwa hiyo unga wake ni wa kukanda, si wa kusonga. Akanionyesha pale pale kaunta kwa mikono mitupu: vikombe viwili vya unga, maji ya vuguvugu kikombe kimoja na nusu, kanda, funika robo saa. Tengeneza donge, lichimbe katikati kwa kidole gumba, tia maharage yaliyopondwa na jibini, funga, likandamize liwe bapa, choma kwenye kikaango cha chapati bila mafuta. Wanaita pupusa. Mkono ulowe maji kidogo, la sivyo kingo zinapasuka. Sasa wanangu wananidai kila Ijumaa.

Unga wa ugali niliupata baadaye duka la Wasomali. Wenyewe ugali wanauita soor. Kaka wa pale aliponiona nimeukumbatia mfuko alicheka, akaniongezea ndizi bure.

Mdau, Dubai

Umenigusa kwenye mbaazi. Kwetu Mtwara vijijini, baba ni mkulima wa mbaazi. 2017 India ilipoweka ukomo wa kuingiza mbaazi, bei ilianguka na magunia yalibaki ndani. Sisi nyumbani tulizijua za kupika na nazi tu, hatukuwahi kujua huko zinakokwenda zinaliwaje. Nimekuja kuzila hapa Deira, kwa Wahindi, zimekobolewa, njano tupu. Nilimpigia baba kwa video nikamwonyesha sahani. Aliitazama muda mrefu, akauliza, "Ganda wanalipeleka wapi?"

Mdau, Dar es Salaam

Duka la Wachina, Kariakoo. Nilinunua nikijua ni pilipili manga, ila nyekundu. Nikatia kijiko kizima kwenye pilau. Tonge la kwanza midomo ikafa ganzi, mume wangu akadhani ni mzio, tukawa tunakimbilia maji. Ni pilipili ya Sichuan, haina undugu na pilipili manga, mti wake uko kwenye ukoo wa milimao. Dada muuzaji alinielekeza kwa kutafsiri kwenye simu: tumia ganda, mbegu nyeusi ya ndani tupa maana inabaki kama mchanga mdomoni, kausha kikaangoni kwa moto mdogo, twanga. Nachanganya na chumvi, nanyunyizia kuku wa kukaanga. Kidogo sana. Kwenye pilau msitie.

Mdau, Brussels

Miye ni wa Bukavu. Mtashangaa, kitu nilichokuwa sikijui kilitoka nchi yangu mwenyewe. Hapa Matonge, Ixelles, maduka ya Wakongo ni mengi, nami nilikuwa nafuata sombe, yaani kisamvu, na mawese tu. Mama mmoja wa Kinshasa akaniuliza, "Fumbwa hupiki?" Majani yamekatwa membamba kama nyuzi, makavu, magumu. Nikajaribu kama sombe, yakabaki magumu. Akanifundisha: osha mara tatu kwa maji ya moto, chemsha vizuri, halafu karanga za kusaga, mawese, samaki wa moshi. Karanga ndizo zinazoyalainisha mdomoni. Congo ni kubwa, jameni. Nimevuka bahari ndiyo nikaonja chakula cha upande wa pili wa nchi yangu.

Mdau, Mombasa

Dada wa Leicester, huo mvuje wa kopo ni mtupu ama umechanganywa? Mtoto wangu hali ngano.

Mwanzisha uzi, Leicester

Swali zuri sana dada. Mwingi wa kopo huchanganywa na unga, mara nyingi wa ngano, maana mtupu ni mkali mno. Soma nyuma ya kopo, kuna wa unga wa mchele pia. Na uweke kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko cha kubana, usiuweke karibu na majani ya chai.

Na jana nimempelekea yule mzee mbaazi za nazi na mahamri. Alikula amesimama nyuma ya kaunta, wateja wanamsubiri. Akaniuliza kama nimetia iliki kwenye unga. Nikamwambia nimetia. Akamwita mkewe kutoka stoo.