Mliolelewa Ngamiani, Tanga: tupeane uzoefu, kipi hakijawatoka kichwani?

Mjukuu wa Tisa
Wakuu, salaam. Juzi nilishuka Tanga kwa msiba, nikasema nipite barabara ya 9 nikaitazame nyumba ya bibi. Nikaipita mara mbili. Njia sijasahau, maana Ngamiani utapoteaje na barabara zimenyooka kama mistari ya daftari, kila moja na namba yake. Nyumba ndiyo haipo. Pale kwenye baraza kuna fremu tatu za maduka na juu ghorofa halijapigwa lipu. Nimesimama pale kama mdaiwa, kijana akanifuata: "Ami, unatafuta chumba?"

Tangu siku hiyo silali vizuri. Mimi naanza: vyumba sita, vitatu huku vitatu huku, ukumbi katikati, uani jiko na choo. Bibi chumba cha mbele kulia, kwingine wapangaji. Mbondei wa reli, Mdigo muuza samaki, Mnyamwezi aliyekuja zamani kukata mkonge akagoma kurudi kwao. Ukikosea mbele ya chumba cha nne unachapwa na chumba cha nne, kisha unapelekwa kwa bibi unachapwa tena kwa kumtia aibu. Endeleeni.

Shemeji wa Makorora
Umenipeleka mbali sana mgosi. Ya 14 hapa.

Kumi na Moja Daima
Ngamiani ni barabara ya 11 bwana, mengine mbwembwe. Timu yetu Coastal Union bingwa wa ligi 1988, nilibebwa mabegani kutoka Mkwakwani mpaka klabuni.

Kimanumanu
Mnaishi na 1988 kama mtu anayetembea na cheti cha darasa la saba. Sisi African Sports wa ya 12 tulikuwa tunawasikia mkilia kwa ukuta mmoja tu.

Bibi Harusi Mstaafu
Watoto tulieni. Kabla ya mpira wenu mama zetu walishagawana mtaa kwa taarabu, huyu Black Star, huyu Lucky Star, na hawasalimiani kisimani. Mamangu alisusa arusi ya mdogo wake kwa sababu ya kikundi kilichoalikwa.

Mzee wa Stesheni
Vijana, mnasimulia mtaa bila kusema ulikujaje. Mjerumani alianza kujenga reli kutoka Tanga mwaka 1893, na mwaka huohuo mkonge ukaingia nchini. Wazungu wakakaa upande wa bahari, penye upepo, sisi tukapimiwa viwanja huku ng'ambo ya reli, mistari na namba. Waliokuja kwa mkonge na bandari wakapanga vyumba huku. Ndiyo maana nyumba moja mna makabila manne na wote wanaongea Kiswahili cha Tanga. Nailoni ilipokuja mkonge ukaanguka bei. Tukajishikiza kwenye viwanda, mbolea, chuma, sabuni, navyo vikafunga kimoja kimoja. Baba zetu wakabaki kwenye baraza na bao. Mnaowaita wavivu, hamjui walifungiwa mageti mangapi.

Shemeji wa Makorora
Mzee, na ngamia walioipa Ngamiani jina je? Mimi niliambiwa walikuwa wanazungushwa kwenye vinu vya mafuta ya ufuta.

Kimanumanu
Vinu wapi! Babu alisema ni misafara, walikuwa wanafungwa hapo.

Kumi na Moja Daima
Babu yako ndiye aliyekuambia pia kwamba Sports ni timu?

Bi Daku
Mie huwa nasoma tu siandiki, ila hiyo "uani jiko na choo" imenishika pabaya. Ngoja niseme leo.

Ilikuwa Ramadhani ya Januari 1998, mvua za El Niño hazijakata. Nina miaka kumi na sita, nimeletwa kwa shangazi barabara ya 16 nisome. Choo chetu kilikuwa cha shimo, kimechimbwa zamani na kujengewa mapipa, juu boriti na zege jembamba. Mapipa yenyewe yalishaliwa na kutu, sisi tunaona tu sakafu imepiga mstari, shangazi anasema "ni ufa wa kawaida huo". Mvua miezi, mchanga umelewa maji.

Saa tisa usiku nimeamka nijisaidie kabla ya daku. Nimevaa khanga moja, koroboi mkononi. Nimekanyaga tu nikasikia kama mtu anavunja kaukau. Koroboi ikaondoka kwanza. Kisha mimi.

Sikufika chini. Boriti moja ilinikamata kwapani, nikaning'inia, miguu inatafuta pa kukanyaga na haipati. Wallahi kuna baridi ya kule chini sijaipata pengine popote. Nilikuwa naogopa kupiga kelele maana kila nikivuta pumzi boriti inalia. Nikaita kwa sauti ndogo, "Shangazi." Mvua inapiga mabati, nani asikie. Nikaita tena. Nikaanza kusoma shahada, halafu nikakumbuka mahali nilipo, nikasita kama inafaa kuisoma humo. Mpaka leo sijauliza.

Aliyenisikia ni mpangaji wa chumba cha tatu, ambaye tulikuwa hatusemeshani kwa ajili ya kamba ya kuanikia. Kafika na taa, kaniona kichwa tu. Hakulia "jamani msaada". Alijua mtaa wake. Alikwenda mlangoni akapiga ukelele: "Mwiziiii!"

Dakika mbili uani pamejaa wanaume na marungu. Nao wapiga daku walikuwa wanapita na madebe yao, wakaingia nayo. Mmoja akauliza, "Mwizi yuko shimoni? Basi mpeni mawe." Shangazi akamrukia mdomoni kwa kofi. Ndipo ikaletwa kamba ya mkonge ya mkokoteni wa muuza mkaa, wakanipitishia kwapani, vijana wa daku wakavuta wakihesabu kama wanavuta ngarawa. Nikatoka. Khanga haikutoka.

Yule wa chumba cha tatu ndiye aliyenifunika, akaniosha ndoo saba, asiseme neno. Asubuhi nilikuwa tayari naitwa Bi Daku. Muuza mkaa akaja kudai kamba mpya.

Shemeji wa Makorora
Nimecheka kisha nikaogopa kisha nikacheka. Mtaa wenye watu huo.

Fundi Karo
Dada pole sana. Wana uzi, shimo la mapipa halidumu, kutu inalila kimyakimya. Chimba, jenga kwa tofali, acha matundu maji yapite, funika kwa zege lenye nondo. Na la zamani ukiliacha lifukie kwa kifusi, usiweke bati na mchanga ukasahau.

Kumi na Moja Daima
Tofali gani kwenye mchanga wa Ngamiani, litashuka lote na wewe juu. Bora hamia Raskazone.

Bibi Harusi Mstaafu
Raskazone kwa hela ya nani? Wewe Bi Daku, swali la maana: khanga ilikuwa imeandikwa nini?

Kimanumanu
Iliandikwa "Coastal tumezama".

Bi Daku
Bibi, maneno yamenitoka. Ilikuwa ya shangazi, pea. Nusu ya pili anayo kwenye sanduku, hataki kuigusa wala kuigawa. Na kuna aliyeniuliza pembeni kama niliolewa na mpiga daku. Hapana. Yule wa mawe ndiye aliyeleta posa, shangazi akamkatalia.

Mzee wa Stesheni
Yule wa chumba cha tatu yuko hai?

Bi Daku
Alifariki 2011. Kamba ya kuanikia niliirithi mimi.

Shemeji wa Makorora
Turudi kwa mwenye uzi. Mgosi, nyumba ya bibi ilikwenda vipi? Nani aliuza?

Fundi Karo
Ushauri: nyumba ya urithi msiiuze, mpangishe fremu.

Bibi Harusi Mstaafu
Ushauri: iuzeni mapema, marehemu hajapoa. Kwetu wamepelekana mahakamani mpaka paa likaanguka lenyewe.

Kumi na Moja Daima
Lazima ni ami mkubwa. Huwa ni ami mkubwa.

Shemeji wa Makorora
Mwenye uzi mbona kimya?

Mjukuu wa Tisa
Nipo. Ami mkubwa ndiye aliyekataa. Warithi tulikuwa kumi na mmoja, kumi tukasaini. Mimi wa tatu kwenye karatasi, nilitumiwa Dar kwa basi, nikasaini juu ya boneti ya teksi kwa sababu dereva alikuwa na haraka. Mgao wangu ulitosha mabati ya nyumba yangu Mbagala. Sikuuliza hata bao la bibi litakwenda wapi, na juzi nilipofika nikaona limewekwa mlangoni pa fremu ya pili, wanakanyagia kupandia.

Mpita Njia
Samahani wakuu, hiyo fremu ya kona imeshapata mtu? Natafuta pa kuweka steshenari.