Naomba ushauri: shamba letu la eka tatu Fuoni, Unguja, limezungukwa na nyumba

Mjukuu wa Fuoni
Assalaamu alaykum ndugu zangu. Tumerithi, mimi na ndugu zangu watatu, sehemu ya zile eka tatu alizopewa babu yetu baada ya Mapinduzi ya 1964. Nilipokuwa skuli palikuwa na minazi, miembe na muhogo mpaka kwenye mpaka wa jirani. Leo kote ni kuta za matofali, kwani Mkoa wa Mjini Magharibi uliohesabiwa watu 593,678 mwaka 2012 ulikuwa na watu 893,169 mwaka 2022. Nalima tungule (nyanya), bamia na mchicha kwa maji ya kisima na kuuza soko la Mwanakwerekwe. Ndugu zangu wanataka tukate viwanja, nami roho inaniuma. Zaidi ya hayo, jirani amechimba karo, yaani shimo la maji machafu ya choo, hatua chache kutoka kisimani. Nifanye nini?

Bibi Shamba
Wa alaykum salaam, mwanangu. Anza na kisima kabla ya mengine yote. Ardhi yetu imekaa juu ya mawe ya chokaa yenye nyufa, na maji ya karo hupenya humo upesi bila kuchujika vya kutosha, kwa hiyo peleka maji maabara yakapimwe vijidudu. Mpaka upate majibu, mwagilia kwenye shina, usirushie majani, na usipande kotmiri, nanaa wala chochote kinacholiwa kibichi.

Kisha fikiria upya unachopanda. Tungule nyingi tunazokula Unguja huvuka bahari kutoka Bara, nawe mwenye kipande kidogo utashindana nazo kwa bei mpaka uchoke. Mchicha na matembele hunyauka njiani. Hapo ndipo ukaribu wako na mji unapokuwa na thamani, maana unavuna alfajiri na kabla ya saa mbili fungu limeshafika mlangoni kwa mpishi. Mchicha huwa tayari baada ya wiki tatu au nne tu, na hizo nyumba zinazokuzunguka ndizo wateja wako.

Mkaazi wa Chukwani
Naheshimu maneno ya Bibi, ila mimi niliacha. Huku karibu na pwani kila nyumba ilipochimba kisima na kuvuta maji kwa pampu, maji ya chumvi yalisogea, bamia zikaungua ncha za majani. Kama kisima chako kimeanza kubadilika ladha, usiwekeze fedha nyingi.

Mpimaji Mstaafu
Kwa sheria ya ardhi ya mwaka 1992, ardhi yote ya Zanzibar ni mali ya umma, na eka tatu zilitolewa kwa ajili ya kilimo. Kabla hamjapokea fedha ya mtu yeyote, nendeni kwa Sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa wenu, kisha Kamisheni ya Ardhi, mkaulize kuhusu mirathi na mabadiliko ya matumizi. Nimeona familia zikigombana miaka mingi kwa sababu ya kiwanja kilichouzwa kwa karatasi ya mkono.

Mjukuu wa Fuoni
Nawashukuru sana. Maji bado ni matamu, Alhamdulillahi, na wiki hii nitayapeleka kupimwa. Ndugu zangu wamekubali kusubiri mpaka tuonane na Sheha. Bibi, matembele niyapande sasa, au nisubiri mvua za vuli?

Bibi Shamba
Kama maji ni salama, panda sasa kwenye matuta, uweke samadi iliyooza vizuri. Vuli itayakuta yameshashika.