Simba wa Njiro na bustani ya mbwa ya Minneapolis

Kutoka Njiro, Arusha

Shikamooni kaka na dada zangu. Mwezi ujao mimi na mume wangu tunahamia Minneapolis, na mbwa wetu Simba tunaondoka naye. Chipu ya utambulisho ameshawekewa, chanjo ya kichaa cha mbwa amepata, na ameshavuka ule umri wa miezi 6 wanaoutaka Wamarekani. Wenyeji wetu wanasema kule mbwa hupelekwa kwenye bustani yao maalumu wakakimbie bila kamba. Simba amekulia bandani, anafunguliwa usiku, kazi yake kulinda. Hilo la kucheza na mbwa wa watu naanzia wapi?

Kutoka Shanty Town, Moshi

Marahaba mdogo wangu. Nimeishi huko Minneapolis miaka 9 kabla ya kurudi Moshi, kwa hiyo nakuambia niliyoyaona.

Anza na geti, maana ugomvi mwingi huanzia hapo. Bustani nyingi zina mageti mawili, moja baada ya jingine, katikati kuna kiuwanja kidogo cha uzio. Unaingia la kwanza, unalifunga, unamfungua mbwa kamba palepale katikati, ndipo unafungua la pili. Siku yangu ya kwanza sikumfungua mbwa wangu. Niliona kumshika ndiyo usalama. Mbwa wanne wakaja mbio kumnusa, kamba ikakaza, masikio yakalala nyuma, mkia ukaingia katikati ya miguu, mara akamrukia aliyekuwa karibu. Damu haikutoka, lakini mikono ilinitetemeka mpaka jioni. Mzee mmoja mwenye mbwa mweusi akaniambia kwa upole nimfungue, kwa sababu mbwa aliyeshikwa kati ya mbwa huru hana pa kukimbilia, kilichobaki ni kung'ata. Tangu siku hiyo, nikikuta mbwa wamejazana getini nasubiri nje hadi watawanyike. Na mgeni akiingia, namwita wangu asiende kumzonga.

Ukiwa ndani usikae ukapiga soga. Tembea, naye atakufuata. Simu iwe mfukoni. Mbwa anayetaka mchezo huinamisha kifua chini na kuinua makalio, na hupokezana na mwenzake kukimbizana. Ukiona mwili umekakamaa, macho yamekazwa, au watatu wanamwandama mmoja, mwite, mfunge kamba, ondokeni. Wakishikana kweli, usiingize mkono kwenye midomo.

Kinyesi okota papo hapo, beba mifuko miwili. Jike aliye kwenye joto abaki nyumbani, na mtoto wa mbwa ambaye hajamaliza chanjo naye abaki. Chakula usiingie nacho, na mbwa wa mtu usimpe kitu bila kumuuliza mwenyewe. Kibali cha mwaka cha kuingia bustanini utakata, Minneapolis wanakidai.

Sasa hili ndilo linalonikosesha amani. Kwetu kibao cha MBWA MKALI getini ni sifa. Mtu akipita, mbwa asipobweka, tunauliza anakula ugali wa nini. Kule ukali huohuo unakugeukia wewe: sheria ya Minnesota, jimbo lenye Minneapolis, inamtaka mwenye mbwa amlipe aliyeng'atwa hata kama mbwa huyo hajawahi kung'ata mtu. Wako mbwa ambao bustani haiwafai kabisa, na Simba huenda ni mmoja wao. Usimlazimishe. Wiki za mwanzo simama naye nje ya uzio, mbali kidogo, atazame tu. Akitulia, sogea.

Na usingoje ndege. Anza hapo Njiro alfajiri, kabla bodaboda hazijachangamka. Mwite jina, akija mpe kipande cha ini. Uani kwanza, kisha barabarani. Mbwa asiyeitika akiitwa asifunguliwe popote.

Kutoka Njiro, Arusha

Asante sana dada. Leo saa kumi na mbili nimetoka naye. Amebweka kila geti mpaka dukani kwa Mangi. Nimemwita mara tatu akiwa anawakodolea mbwa wa jirani, ya tatu akageuka, akaja, akala ini mkononi mwangu. Hajawahi kuniitika nje ya ua. Je, mnyororo wake huu unafaa, au nitafute kamba?

Kutoka Shanty Town, Moshi

Tafuta kamba ya mkanda, mita 2 hivi. Zile zinazojirefusha zenyewe usinunue, zinakata mikono. Kesho mtoe tena saa hiyohiyo.