Eti "hao tuliwasafisha": nani alimpa maikrofoni yule bwana wa ramani za zambarau?

Gongo la Kushoto (mleta uzi)

Wakuu, naandika huku mikono inatetemeka, herufi zikirukaruka mnivumilie. Jina simtaji. Hakuna haja, mnamjua. Yule wa ramani za zambarau, yule ambaye kila mji duniani akiutia kwenye kompyuta yake unatoka "dakika 15", yaani kila unachohitaji eti kiko umbali wa dakika 15 tu. Mpeni jangwa tupu, atawatolea dakika 15 na rangi juu.

Leo kawasilisha semina ya utafiti wake wa ufikivu, yaani nani anaweza kufika wapi. Slaidi ya kwanza ramani, ya pili ramani, ya tatu picha yake mwenyewe kaelekeza kidole kwenye ramani. Kila mkazi anafika kituoni kwa miguu, hospitali kwa miguu, kazini kwa basi, mbinguni kwa miguu. Nikanyoosha mkono kistaarabu kabisa. Nikauliza: hawa unaowatembeza karibu kilomita 5 kwa saa, ngazi wanazipandaje? Na asiyeiweza kasi hiyo yuko wapi humu?

Akanitazama. Akayatazama magongo yangu. Akaigeukia slaidi kama vile ndiyo iliyoulizwa. Halafu, huku anafungua kifuniko cha chupa ya maji, kwenye maikrofoni, ukumbi mzima unasikia, akasema: "Aa, hao tuliwasafisha mwanzoni kabisa."

TULIWASAFISHA.

Kumbe mimi vumbi! Nikabaki mdomo wazi. Akaona sijaelewa, akanieleza kwa upole, na huo upole ndio ulioniua: data zao za GPS zikionyesha mtu anakwenda polepole mno, programu inahesabu ni hitilafu, inamfuta. Yaani setilaiti iko huko juu kilomita 20,000 na ushee, inanikuta mimi nashuka ngazi, inapeleka taarifa sahihi, halafu yeye na kifuniko chake cha chupa anaamua hapana, binadamu haendi hivi, futa.

Hoja sina, nina hasira. Ninachojua yule mtafiti Hansen mwaka 1959 alipoueleza ufikivu kuwa ni uwezekano wa mtu kuzifikia fursa, hakuandika pembeni "wenye magoti mazima tu".

Tuliwasafisha. Na kifuniko mkononi!

Kichwa Ngumu

Pole sana mkuu. Ila hapo pa "mbinguni kwa miguu" nimecheka mpaka wenzangu ofisini wamegeuka.

Mpita Njia

Unatupiga kamba. Hakuna mtafiti mwenye akili timamu anayesema hivyo mbele za watu.

Bibi Takwimu

Alisema. Nilikuwa mstari wa nyuma. Na alirudia, maana alidhani maikrofoni haikushika vizuri.

Gongo la Kushoto

ALIRUDIA! Asante bibi. Ya pili nilikuwa nishaifuta kichwani. Kumbe na mimi najua kusafisha.

Mpita Njia

Basi nafuta kauli. Semina yenyewe ilikuwa ghorofa ya ngapi?

Gongo la Kushoto

Ya tatu. Lifti mbovu. Tusifike huko tafadhali.

Isokroni Feki

Tuweke mambo sawa. Kwanza, setilaiti haikuoni wala haipeleki taarifa zako popote. Inarusha mawimbi tu, simu yako ndiyo inapiga hesabu iko wapi. Pili, kusafisha data ni lazima. Katikati ya majengo marefu mawimbi yanadunda kwenye kuta, simu inaruka upande wa pili wa mtaa. Usipochuja utaona watu wanavuka mto pasipo daraja. Tatu, hayo mambo ya dakika 15 ni wazo la Carlos Moreno la mwaka 2016 na lenyewe si baya. Na hata Umoja wa Mataifa kwenye lengo la 11.2 la maendeleo endelevu wanapima kwa mita 500 kutoka kituo cha basi. Mnamwonea.

Gongo la Kushoto

Mimi sikuvuka mto. Nilikuwa nashuka ngazi.

Bibi Takwimu

Isokroni, umelitaja 11.2 halafu ukaishia kwenye mita. Lisome lote. Lengo hilohilo linataka ifikapo 2030 usafiri uangalie hasa wanawake, watoto, watu wenye ulemavu na wazee. Ni orodha ya watu aliowasafisha, wamewekwa kwa mpangilio kabisa.

Isokroni Feki

Sijasema anatumia vizuri. Nimesema kuchuja ni lazima.

Mzee wa Taa

Hata si ulemavu peke yake. Mwaka 2012 watafiti wa Uingereza walichapisha vipimo vya mwendo wa watu wa miaka 65 na zaidi. Wastani wa wanaume ulikuwa mita 0.9 kwa sekunde, wanawake 0.8. Taa za kuvukia za huko zilikuwa zinamtaka mtu akimbize mita 1.2 kwa sekunde. Maana yake wazee wengi taa inawageukia wakiwa katikati ya barabara, magari yananguruma pande zote mbili. Sasa huyo bwana kama kachuja wenye mwendo wa taratibu, kapitisha fagio kwa wazee wote. Mama yake mzazi kamsafisha.

Kichwa Ngumu

MAMA YAKE KAMSAFISHA. Mbavu zangu jamani.

Gongo la Kushoto

Halafu ile sauti yake! Kama mtu anayekwambia kikao kimeahirishwa. "Aa, hao." Hata "aa" aliivuta.

Dada Mizunguko

Mleta uzi una bahati, wewe angalau uliingia ndipo ukafutwa. Wengine hata mlangoni hatufiki. Dodoso lao linauliza "safari yako kuu ya siku", wakimaanisha kazini na kurudi. Mimi natoka na mtoto mkononi namwacha shuleni, napitia dawa za mama, naenda kazini, narudi kwa njia ya sokoni na mzigo, mtoto kalala begani, basi limejaa. Kwao hiyo ni safari moja kwenda kazini, mengine yanatupwa "mengineyo". Yule mtafiti wa Hispania, Inés Sánchez de Madariaga, alishazipa jina, safari za matunzo, akaonyesha zinavyotawanywa kwenye vifungu vingine mpaka hazionekani. Zikusanye pamoja uone kama ni mengineyo.

Gongo la Kushoto

Dada pole, nakuunga mkono asilimia mia. Ila uzi ni wa kwangu. Turudi kwenye kifuniko.

Karani wa Dodoso

Msitulaumu makarani. Nagonga mlango, mtu anafika anahema, ndoo mkononi. Namuuliza umetembea kwenda popote leo? Hapana. Ndoo inachuruzika miguuni pangu! Watu hawahesabu kutembea kuwa ni safari. Ukimbana zaidi anakwambia "nilitoka kidogo tu". Nikiandika alichosema, naonekana mzembe. Nikiandika nilichoona, naonekana mwongo.

Faili Tupu

Hamjaona kitu. Fungueni faili za GTFS, zile za ratiba ambazo programu zote za safari zinasoma. Kuna safu ya kitimwendo kwa kila kituo. 1 maana yake baadhi ya magari yanapandika hapo, 2 hayapandiki, 0 au pakiwa wazi, hakuna taarifa. Mwenye kampuni anaacha wazi, kwa uvivu. Kisha anakuja fundi wa ramani, anasoma wazi kama ndiyo. Mji mzima unageuka pepo ya vitimwendo kwa sababu mtu hakujaza safu. Nimekesha na mafaili haya mpaka macho yakawa rangi ya ramani zake.

Mhakiki wa Pili

Mleta uzi hakurejea kazi ya mwanajiografia Hägerstrand ya mwaka 1970 kuhusu vizuizi vitatu vya mwendo wa mtu: uwezo wa mwili, kukutana na wengine kwa wakati mmoja, na mamlaka ya mahali. Bila hiyo malalamiko hayana msingi wa kinadharia. Aidha, zipo kazi nyingine muhimu za mwandishi mmoja makini ambazo zingefaa kutajwa. Napendekeza uzi ufanyiwe marekebisho makubwa.

Kichwa Ngumu

We jamaa hata huku umetufuata?

Dada Mizunguko

"Mwandishi mmoja makini" ni yeye. Amewahi kunirudishia andiko langu mara mbili kwa sababu hiyohiyo.

Simu Mfukoni

Ninyi mnalia kufutwa, mimi naomba nifutwe! Utafiti wa 2013 ulichukua data za simu za watu milioni 1.5. Ukijua mara nne tu mtu alikuwa wapi na wakati gani, umemtambua, kwa asilimia 95 ya watu. Na majina yalikuwa yameshatolewa. Mimi naenda kazini, naenda gym, naenda kwa mtu ambaye sitaki kumtaja, narudi. Tayari nne hizo. Huyo bwana wenu namba yake naipata wapi? Aje anisafishe.

Gongo la Kushoto

Tubadilishane.

Mzee wa Taa

Kwa huyo usiyemtaja unaenda saa ngapi?

Simu Mfukoni

Hapa ndipo wanapoanzia.

Barabara Pana

Mnajadili vifuniko vya chupa, tatizo la miji linajulikana. Panueni barabara. Njia nne, njia sita, kila mtu afike.

Bibi Takwimu

Haya, kaja. Wachumi Duranton na Turner, utafiti wa miji ya Marekani, 2011: ukiongeza barabara kuu mjini, kilomita zinazoendeshwa nazo zinapanda karibu kwa kiwango kilekile. Foleni inabaki palepale, ila sasa ni pana.

Isokroni Feki

Na mwanahisabati Braess tangu 1968 kaonyesha kwa hesabu kwamba barabara mpya inaweza kumchelewesha kila mtu, kila dereva akijichagulia njia inayomfaa yeye.

Barabara Pana

Kwa hiyo dawa ni kubomoa? Akili kubwa hizi.

Isokroni Feki

Seoul walibomoa. Barabara ya juu iliyokuwa imefunika mto Cheonggyecheon walianza kuibomoa 2003, kufika 2005 mto uko wazi na watu wanatembea kando yake. Mji haukufa.

Barabara Pana

Seoul wana treni za chini kila kona. Usinitolee mfano wa tajiri.

Gongo la Kushoto

Jamani. Mada. Alisema TULIWASAFISHA.

Barabara Pana

Tumesikia mkuu, pole. Isokroni, nijibu: magari yaliyokuwa yakipita hapo yalikwenda wapi? Yaliyeyuka?

Isokroni Feki

Mengine yalizunguka, wengine wakapanda basi, wengine wakaahirisha safari. Safari si maji ya bomba kwamba ukiziba huku lazima yatokee kule.

Barabara Pana

Mimi gari langu haliahirishi safari. Likigoma ni breki.

Mzee wa Taa

Breki zimefanyaje?

Barabara Pana

Asubuhi zinapiga kelele kama mlango wa zizi. Likishapata moto zinanyamaza.

Msimamizi wa Jukwaa

Uzi umehamishiwa Magari na Vipuri.

Gongo la Kushoto

Wapi???

Karani wa Dodoso

Barabara Pana, zikinyamaza likipata moto inaweza kuwa unyevu wa usiku tu. Zikiendelea mchana kutwa ndiyo ukague pedi.

Barabara Pana

Kumbe. Ahsante mkuu, hii nayo ni elimu. Na usukani ukivuta kushoto?