Ushauri wenu wakuu: taa za barabarani kitongojini, nani alipe?

Mwana wa Himo: Wakuu, salaam. Naishi pembezoni mwa mji mdogo wa Himo, huku kwenye migomba, njia ya vumbi inayochepuka kutoka barabara ya Marangu. Giza limetuzidi. Mabinti wanaporwa simu jioni, bodaboda wanagoma kuingia. Mkutano wa kitongoji umekubali taa 8, kila kaya 30,000. Walio mbali na njia hawataki kutoa, kuna wajane wasio na umeme hata ndani, na nyumba kubwa kubwa ni za watu wa Dar, zinafunguliwa Desemba tu. Nani alipe? Usingizi sina.

Mangi Mstaafu: Wa Dar walipe mara tatu. Kaka yangu amejenga Rombo, geti la maana, ukimwomba mchango wa maji anasema "mimi siko huko". Mama akifariki ndipo atajua yuko huko.

Mama Tengeru: Kwetu tuliweka za sola. Betri zikaibwa zote, na walioiba tunakutana nao kanisani. Leeni watoto kwanza.

Kapilima: Tunakatwa kodi ya majengo kwenye LUKU, kila tukinunua umeme, tangu 2021. Halmashauri iweke taa.

Fundi Umeme: Ile kodi haiingii mfuko wa kitongoji. Na mchango wa mkutano ni hiari, kumlazimisha mtu kunataka sheria ndogo. Njia yenyewe ikiwa ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, pitieni kwao kabla ya kuchimba shimo. Mleta uzi, swali langu ni moja: mita itakuwa kwa jina la nani? Nguzo unaweka mara moja, umeme unanunua kila mwezi.

Mwana wa Himo: Mita kwa jina langu, kwa muda. Mimi ndiye mhazini.

Fundi Umeme: Nguzo ya nane inaishia wapi?

Mwana wa Himo: Inaishia kwenye gesti.

Fundi Umeme: Gesti ya nani?

Mwana wa Himo: Yangu. Lakini njia inaishia pale, ningeipeleka wapi? Wageni wa mlimani wakilala kwangu, mayai na ndizi nanunua kwa majirani. Na fundi nimeshampa advansi, bei ya nyaya ilikuwa inapanda.

Mangi Mstaafu: Advansi ya hela za wajane!

Mwana wa Himo: Wajane hawajatoa hata senti, Mzee wangu. Nimesema wasidaiwe.

Njiapanda: Hii chai, kisa cha kutunga. Himo napita kila wiki, njia ya vumbi yenye gesti ya wageni wa mlimani siijui. Weka picha ya nguzo.

Mama Tengeru: Hata mimi nimeanza kuhisi hivyo. Mwezi uliopita kuna mwingine hapa alitutoa machozi kwa kisa cha kisima, kumbe anauza pampu.

Mwana wa Himo: Sipigi picha mali ya kitongoji nikaitupa mtandaoni. Anayetaka aje Jumapili baada ya misa, mkutano ni wa wazi.

Fundi Umeme: Chai au si chai, vitongoji vyenye shida hii ni vingi. Mita isajiliwe kwa kitongoji, mwenye biashara atoe zaidi, risiti zibandikwe ofisini.

Mwana wa Himo: Mita nimekubali. Gesti italipia nguzo mbili za mwisho. Ila hazihamishwi.

Fundi Umeme: Na umeme wa kila mwezi?

Mwana wa Himo: Huo tugawane wote.

Kapilima: Taa inayowaka getini kwako mpaka alfajiri, tugawane na nani?