Faini ya kasi ya Italia imenifikia Malindi baada ya miezi kumi: nilipe, nipinge au niiache?

BintiShella (Malindi)

Assalaam aleikum jamaa, na habari zenu nyote.

Agosti mwaka 2024 nilikwenda Italia kumtazama dada yangu aliyeolewa huko, nikakodi gari. Novemba, nami nimesharudi nyumbani, kampuni ya kukodisha ikakata yuro 45 kwenye kadi yangu. Nimewauliza kama hiyo ndiyo faini yenyewe, hawakujibu.

Juzi nimeitwa Posta kutia saini barua ya rejista. Inatoka kwa polisi wa manispaa moja ya kaskazini. Tarehe 14 Agosti 2024, barabara yenye kikomo cha kilomita 50 kwa saa, kamera imesoma 68, wakatoa 5, ikabaki 63. Barua imepelekwa posta huko tarehe 3 Juni 2025. Wanadai yuro 173, au 121.10 nikilipa ndani ya siku 5, na juu yake yuro 17 za posta na maandalizi. Zikipita siku 60 inapanda.

Gari nilikuwa naendesha mimi. Naona njia nne: kulipa upesi, kupinga kwa prefeto (mwakilishi wa serikali kuu katika mkoa), kupinga kwa hakimu, au kuiacha ilale. Mliopitia haya nisaidieni kuzipima, siku tano zinakatika. Mwakani insha'Allah narudi kule, dada ni mjamzito.

MkaziWaBarani

Dada, iache. Nchi za Umoja wa Ulaya zina utaratibu wa kukusanyiana faini kuanzia yuro 70, lakini Kenya haimo. Nani atatoka Italia aje Barani kukudai? Isitoshe imechelewa mno. Faini ya kasi inatakiwa ikufikie ndani ya siku 14, hiyo yako imeshakufa.

Kaka_Torino (mzaliwa wa Malindi, niko Italia)

Ndugu yangu, siku 14 ni za Uingereza, na hata huko zinamhusu mwenye gari aliyesajiliwa. Aliyekodi anaweza kuletewa yake baadaye na bado ikasimama. Tusimpe dada sheria ya nchi nyingine akaitegemea.

Italia ina hesabu yake. Anayeishi Italia hupewa barua ndani ya siku 90, anayeishi nje ndani ya siku 360. Kwa gari la kukodi, polisi humwandikia kwanza mwenye gari, yaani kampuni. Kampuni ikishataja jina lako ndipo wanapoweza kukuandikia wewe, na ofisi nyingi huanza kuhesabu hapo. Kwa upande wao inayotazamwa ni siku waliyoipeleka barua posta. Siku uliyotia saini wewe inaanzisha muda wako wa kulipa na kupinga. Kwa hiyo hata tukihesabu kutoka 14 Agosti yenyewe hadi 3 Juni, hazijafika 300. Kwa kuchelewa tu huna kesi, dada.

Zile yuro 45 si faini. Ni malipo ya kampuni kwa kazi ya kupeleka jina lako polisi, na karibu kila mkataba wa kukodi gari huku una kifungu hicho. Hata ukishinda rufaa hazirudi.

Sasa njia zako. Ukilipa ndani ya siku tano ni yuro 138.10 pamoja na gharama. Ndani ya siku 60 ni 190. Zikipita 60 bila malipo wala rufaa, faini inakuwa nusu ya kiwango cha juu cha sheria. Kwa aliyezidisha kati ya kilomita 10 na 40 kiwango cha juu ni 694, kwa hiyo utadaiwa 347 na zile gharama, na kila miezi sita inaongezwa asilimia 10. Deni hilo linaishi miaka mitano, na barua mpya ya madai ikikufikia inaanza upya.

Kwa prefeto unapinga bure, una siku 60, barua ya rejista inatosha. Lakini akikukatalia hashuki chini ya mara mbili ya kiwango cha chini, yaani 346. Kwa hakimu wa amani, mtu anayeishi nje ana siku 60 pia (mkazi wa huku ana 30), unatoa yuro 43 za mahakama, na kwa faini ndogo kama hii unaweza kujitetea bila wakili. Hakimu hafungwi na ile mara mbili. Shida ni kwamba kesi itataka mtu afike, nawe uko Shella.

Ukishalipa huwezi kupinga tena. Chagua moja.

Mimi ningelipa leo, hasa kwa kuwa unarudi mwakani na utataka kukodi gari tena.

Kalamu_ya_Ngala (Malindi)

Nimesoma barua nyingi za namna hii, maana huku kwetu Kiitaliano kimeingia hadi sokoni tangu enzi za San Marco, kituo cha roketi cha Waitaliano kule Ngomeni, na watu huniletea niwasomee. Namheshimu Kaka_Torino lakini hapa sikubaliani naye yote.

Dada, angalia sehemu ya kamera kwenye barua. Lazima waitaje ni ya aina gani, na tarehe iliyopimwa usahihi wake. Mahakama ya Katiba ya Italia ilisema mwaka 2015, hukumu namba 113, kwamba vifaa hivi sharti vikaguliwe mara kwa mara. Halafu Aprili 2024 Mahakama ya Kasesheni, ile ya rufaa ya mwisho, uamuzi namba 10505, ikatenganisha kamera iliyoidhinishwa tu na kamera iliyopata uthibitisho kamili wa kisheria, ikasema hilo la kwanza halitoshi. Watu wengi wamefutiwa faini kwa hoja hiyo. Serikali inayomtoza mtu kwa kipimo sharti kipimo chake kiwe halali, na mtu akiliuliza hilo hajakosa adabu.

BintiShella

Shukran sana. Nimeitazama. Imeandikwa kamera "imeidhinishwa" na ilipimwa Februari 2024. Neno la uthibitisho silioni. Kwa hiyo nina hoja?

Kaka_Torino

Hoja unayo, na Kalamu amesema kweli. Lakini pima gharama. Kwa prefeto hoja hiyo ni ya kubahatisha, kwa sababu ofisi za serikali zimekuwa zikishikilia kwamba idhini na uthibitisho ni kitu kimoja. Kwa hakimu ina nguvu zaidi, ila utatoa 43 na kumtafuta mtu wa kukusimamia, kuokoa 138. Ingekuwa faini ya kuzidisha kilomita 40 na kuendelea, inayoanzia yuro 543 na kufungiwa leseni, ningekwambia pigana.

Mpwa_Muyeye

Mimi yangu niliipinga kwa prefeto na ikaisha, lakini ilikuwa imechelewa kweli. Kampuni ilipeleka jina langu Mei 2023, barua ikapelekwa posta Julai 2024. Hesabu uipendavyo, 360 zilishapita. Nilipitishia rufaa kwa polisi waliotoa faini, nikatia nakala ya bahasha yenye muhuri wa posta. Ukipitia polisi, prefeto ana jumla ya siku 180 za kuamua. Ukimwandikia yeye moja kwa moja ni 210. Zikipita kimya, sheria inahesabu rufaa imekubaliwa. Kwangu zilipita.

Kwa hiyo jamani bahasha msitupe! Wengi hufungua, wakasoma karatasi, bahasha ikaenda na taka.

Mlamu_Munich

Huku Ujerumani ukipata uamuzi wa faini una wiki mbili tu za kupinga tangu ikufikie, si 60. Nimeona watu wakichukua ushauri wa Italia wakautumia huku wakachelewa. Someni muda ulioandikwa kwenye barua yenyewe.

Bahari_Dubai

Na kwetu huku barua hakuna. Faini inafuata namba ya gari, na bila kuilipa hupati kuhuisha usajili. Kwa aliyekodi, kampuni inamkata kadi moja kwa moja.

MkaziWaBarani

Nimesoma, na za siku 14 naziondoa. Lakini bado nauliza: asiyerudi tena Italia, kwa nini alipe?

Mama Zuhura

Mwanangu, nikujibu mimi. Mume wangu marehemu alifanya kazi huko miaka mingi, na kuna jambo hamjalitaja. Mtu aliyekuwa mkazi wa Italia akarudi kwao bila kujiondoa kwenye daftari la wakazi la manispaa, barua zinakwenda nyumba ya zamani. Posta inaacha taarifa, siku 10 zikipita bila kuchukuliwa sheria inasema amepokea. Yeye yuko hapa Malindi, hana habari, na deni linapanda. Jirani yetu mmoja alikwenda kushughulikia pensheni yake akakuta rundo la madai, na muda wa kupinga ulishapita zamani. Kwa hiyo suala si kurudi kuendesha gari tu. Una mali huko, una akaunti ya benki, una haki unayoidai, deni linaweza kukukuta hapo hapo.

Na wewe binti, hongera kwa dada yako. Mwenyezi Mungu amjaalie ajifungue salama.

Kalamu_ya_Ngala

Amin. Na shikamoo mama.

BintiShella, kama umeamua kulipa, jihadhari na benki. Ukituma kutoka Malindi kwa SWIFT, mtandao wa benki wa kutuma pesa nje, benki za katikati hukata chao, na zikifika pungufu hata kwa yuro chache malipo yanahesabiwa ni sehemu tu ya deni. Chagua kwenye fomu kwamba gharama zote ni juu ya mtumaji. Pesa zinatakiwa ziwe zimeingia kwao si zaidi ya siku mbili baada ya muda kwisha, na ukituma Ijumaa jioni hujui zitafika lini.

Kaka_Torino

Ndiyo maana afadhali mtu wa huku akulipie. Barua ina karatasi ya pagoPA, mfumo wa kulipia ofisi za serikali huku, yenye namba ndefu ya ilani. Mpigie picha dada yako au shemeji, aende posta au tabakeria, yale maduka ya sigara yenye alama ya T. Atalipa pale pale na kupewa risiti. Haihitaji jina lake wala hati yako.

Na tazama kama kuna fomu ya kutaja dereva. Kosa hili linamkata dereva pointi za leseni, kwa hiyo huwa wanaitia. Hata ukilipa faini, fomu hiyo ni ya kujaza na kurudisha ndani ya siku 60. Usipoirudisha inakuja faini nyingine, inayoanzia yuro 291, kubwa kuliko ya kwanza. Andika namba ya leseni yako ya Kenya, tia saini, tia na nakala ya leseni.

BintiShella

Fomu ipo, ukurasa wa mwisho! Nilidhani ni nakala ya ile ya kwanza.

Nimeamua kulipa. Hoja ya kamera ni nzito na namshukuru Kalamu, lakini sina mtu wa kunisimamia mahakamani, na shemeji ana kazi zake. Nimempigia, ameshapita tabakeria, amelipa 138.10 na risiti amenitumia. Fomu nimeijaza, kesho asubuhi naipeleka Posta kwa rejista.

Kaka_Torino

Vyema. Picha ya risiti itume pia kwa anwani ya barua pepe iliyo juu ya barua, na uandike namba ya faini na namba ya gari. Halafu iweke miaka mitano pamoja na bahasha.