Agosti Malindi: mawimbi ya kupanda na bodi yapo ama ni stori?

baridi_ya_nai:
Wadau niaje. Niko na likizo Agosti na baridi ya Nairobi imenishinda. Kupanda mawimbi nilijifunzia Durban ila kule kila wimbi mnaligombania watu kumi. Diani nilienda nikapata maji yametulia kama bwawa, povu lote liko mbali huko kwa mwamba. Sasa kuna msee ananiambia Malindi ndio kuna mawimbi na hakuna watu, ni ukweli? Na nibebe ile suti ya raba?

mwana_ghuba:
Ni kweli ndugu yangu. Diani na Watamu mwamba ndio wavunja wimbi kabla halijafika pwani, hapa ghuba iko wazi, tope la mto Sabaki haliachi matumbawe yaote vizuri, basi wimbi laingia mpaka mchangani. Upepo wa kusi ukikaza, Juni mpaka Agosti, ndio wakati wake. Ingia alfajiri maana ikifika saa nne upepo ushachafua kila kitu ni povu tupu, na uangalie maji, siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, yapanda na kushuka zaidi ya mita 3 kwa hivyo pale palipokuwa patamu asubuhi ukirudi baadaye ni mchanga mtupu. Suti wacha nyumbani, maji ni nyuzi 25 hivi. Vaa fulana ya mikono mirefu tu, ya jua.

Mama_Mambrui:
Mwanangu usiende kuchezea pale mlangoni mwa Sabaki eti kuna wimbi zuri, pana viboko. Na mkondo ukikuvuta nje usishindane nao, ogelea sambamba na ufuo mpaka ukuachie ndio urudi.

mswahili_maskati:
Huku Oman upepo ni huohuo wa kusi, ukishavuka ikweta unapinda unatujia kutoka kusini magharibi. Maskati joto la kuchoma, ukishuka pwani ya Al Ashkharah bahari imechafuka na hewa baridi mpaka watu wanapiga kambi. Mawimbi ya bure, wapandaji wa kuhesabu.

baridi_ya_nai:
Asanteni sana, Mama nimeskia. Bodi je, naeza pata ya kukodi huko?

mwana_ghuba:
Nyingi za kukodi ni za kaiti, zile za kuvutwa na tiara, hazitakufaa. Beba yako, na uulize kampuni ya basi mapema kama wataibeba.